Kisu Kiitike Mara Moja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nimefika salama, nakula vizuri, na lile koti zito ulilonilazimisha kulibeba, nikakununia mpaka uwanja wa ndege, sasa silivui hata nikiwa ndani. Umeshinda, Mama. Nawe je? Mkono wa kulia umepungua kuuma, au bado unauficha kwenye mfuko wa aproni watu wasiuone? Nisalimie fundi wetu Mzee Msasa. Mwambie aache kupuliza vumbi la chuma kwa mdomo, atumie brashi niliyomnunulia. Najua ameitundika ukutani kama pambo.

Ungetaka nikupigie simu, najua. Lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika nusu ya neno, na haya ninayotaka kukueleza yanahitaji mtu asikilize mpaka mwisho. Barua huwezi kuikatiza. Kaa kwenye kiti tafadhali, usikae kwenye ile ndoo.

Uliniuliza pia kama nimemwona mwanao Kitinda, kwa ile sauti yako ya kujifanya umekumbuka tu. Nimemwona. Mzima wa afya, amenenepa kidogo, anakusalimu. Habari zake nitazifikia.

Kwanza kazi uliyonituma. Ulisema niende nikaone kwa macho yangu, nikuandikie ukweli, kisha wewe mwenyewe uamue: visu vyetu vya kukunja viendelee kuzaliwa karakanani kwetu, au vitengenezwe huku ng'ambo sisi tubaki kuuza. Nakumbuka ulivyolisema neno hilo "kuuza", kana kwamba limekukwama kooni. Na unakumbuka siku ya kitambaa. Nilikuwa nimetuma kisu chetu kimoja kwa viwanda vinne vya huku viige, na sampuli zao zilipofika, wewe ukasema hakuna haja ya maneno mengi, ufungwe macho, upewe visu vitano, vinne vya wageni na kimoja chetu, usikilize. Kama hutakitambua cha kwako, basi vihamie ng'ambo.

Tukakufunga kitambaa. Ukavichukua kimoja kimoja, ukalisukuma bapa nusu, ukaiacha springi ilivute yenyewe. Tangu tukiwa wadogo umetufundisha kwamba kisu ni kama mtoto mwenye adabu, akiitwa huitika mara moja, haitwi mara mbili. Kisu kizuri husema "tak". Kisu kisichokaa sawa husema "tak-tak", na hicho kwako si kisu, ni chuma chenye kelele. Cha kwanza ulikisonya. Cha pili ulikicheka. Cha tatu kiliposema "tak" ulikifunga tena na tena, ukasema kimeitika, hiki kimetoka mkononi mwangu. Cha nne na cha tano ukavisikiliza, ukavisukuma kando, ukasema hao ni wageni. Mzee Msasa akapiga makofi. Mimi nikasema nataka kusafiri. Ukadhani nimeshindwa nakimbia, ukaniambia basi niende nikaone.

Sasa nikueleze nilichokiona. Nilikuja huku na jibu langu mfukoni: kwamba visu vyao ni rahisi kwa sababu wanawalipa watu vibaya. Jibu hilo nimelitupa. Mwenye kiwanda ni mama mmoja mfupi, mkali, anayevaa miwani miwili kwa wakati mmoja, mmoja machoni na mwingine kichwani, na muda wote anatafuta wa tatu. Mngepatana, au mngetoana macho. Tulizungumza kwa lugha ya kuungaunga na vidole. Alinishika mkono akanitembeza mtaani, na hapo ndipo nilipoelewa. Jirani yake wa kushoto anatengeneza skrubu tu, hana kazi nyingine duniani. Ng'ambo ya barabara kuna tanuri la kukazia mabapa kwa moto yawe magumu, linawaka mchana kutwa. Pembeni kinauzwa chuma chenyewe. Skrubu zikiisha anatumwa mtu, anarudi chai haijapoa. Sisi skrubu zikiisha tunaagiza, tunangoja mpaka tunasahau tuliagiza nini, na zikija zimezidi unene. Unafuu wao ni ujirani, Mama. Hata mishahara yao si midogo kama nilivyodhani.

Na nikakaa kitandani hotelini nikakifikiria kisu tunachokisifu kuwa cha nyumbani. Chuma chake kinatoka mbali. Skrubu zinatoka mbali. Tupa tunazotumia zinatoka mbali. Mti wa mpini ndio wetu, na mikono. Kisu cha nyumbani kimesafiri kuliko mimi! Halafu umeme unakatika mabapa yakiwa tanurini, yanapinda, tunayatupa, na gharama ya hayo yaliyotupwa tunamtwika mteja wa kile kilichopona. Ndiyo maana kisu chetu kimoja kinanunua vitatu vya kwao.

Usisonye kwanza. Kuna upande wa pili.

Mashine zao hukata mabapa mia kwa mpigo na yote yanafanana kama mapacha. Lakini kazi ya mwisho, ya kulikalisha bapa ndani ya mpini mpaka liitike mara moja, hata wao hawajapata mashine ya kuifanya. Ni tupa na sikio, kama kwetu. Mwenye kiwanda aliniwekea visu viwili mezani. Kimoja kilisema "tak-tak", akanitajia bei, nikafurahi. Kingine kilisema "tak", akanitajia bei nyingine, nikadhani nimesikia vibaya. Ilikuwa inakaribia yetu! Akanieleza kwamba visu vya namna hiyo vinatoka kwenye meza moja tu pale kiwandani, na meza hiyo ina bei yake. Akasema anayenunua kisu ghali hajui kwamba amenunua sauti, lakini asipoisikia hukirudisha. Nilipenda alivyolisema.

Tena hakunificha. Alinionyesha kabati la wateja waliomwachia kila kitu, michoro, vipimo, mpaka ufundi. Leo wamebakiwa na jina tu. Akiamua kesho kuviuza visu vile vile kwa jina lake, watafanya nini? Nikawaza: huko ni kumpa mwenzako mpini wewe ukashika makali. Na sisi, watu wa visu, tusipolijua hilo, alijue nani?

Basi nikaomba kuiona hiyo meza.

Ukumbi wao ni mrefu, taa nyeupe, meza zimepangwa zimenyooka kama meno ya chanuo, na kwenye kila meza kuna jiliwa la kubania kisu, limekaa sawasawa kabisa. Nikapita meza baada ya meza, mpaka ya mwisho karibu na dirisha. Fundi wake alikuwa ametoka kwenda kunawa mikono. Jiliwa lake lilikuwa limeinama. Limeinamia kushoto, Mama. Nikachungulia chini yake nikaona limewekewa kipande cha boksi, kimekunjwa na kukunjwa mpaka kikawa kigumu kama ubao.

Unajua nilichokiona pale, na ulimwengu mzima hakuna wengine ambao wangekijua ila mimi, wewe na Mzee Msasa. Meza yako imeinamia kushoto tangu siku ile ilipoangukiwa na mtungi wa gesi. Tulitaka kuinyoosha ukakataa, ukasema mkono wako umeshaizoea. Kila aliyejifunza kwako anapiga tupa kwa kuinama, na akikalishwa kwenye meza iliyonyooka hawezi, kama vile mtu aliyezoea kulala upande mmoja. Ni kosa la meza, nasi tukaligeuza kuwa ufundi.

Nilisimama pale mpaka fundi aliporudi akifuta mikono. Mimi ndiye niliyeanza kulia. Yeye alicheka kwanza, unamjua, akaniuliza koti hilo kubwa nimemwibia nani.

Mama, Kitinda habebi maboksi. Hajawahi kubeba hata moja. Siku ile ulipokisikia kisu chake cha kwanza kikisema mara mbili, ukakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu mbele ya wateja, ukasema mkono huo ni wa kubebea maboksi. Akaondoka. Na kila ulipomuuliza kwenye simu anafanya kazi gani, akakujibu hivyo hivyo ulivyosema, nabeba maboksi, nawe ukatuambia si niliwaambia. Kumbe anakurudishia neno lako. Kiburi hicho hakukiokota njiani.

Anasema kisu chetu kilipofika kiwandani kama mfano wa kuigwa, alikijua kabla hajakifungua. Akamwomba mwenye kiwanda ampe yeye kazi ile. Alichotengeneza alikivunja akakianza upya mara kadhaa, na hakumwambia mtu ni cha nani.

Na sasa lile ambalo ndilo lililonifanya niandike. Siku ya kitambaa, Mzee Msasa alikuwa ametia alama ya wino chini ya kila mpini. Uliposema cha tatu kimetoka mkononi mwako, nilikigeuza nikaangalia. Hakikuwa chetu. Kilikuwa cha kiwanda hiki cha huku. Chetu kilikuwa cha tano, ulichokikalisha wewe mwenyewe wiki ile, na ulikiweka upande wa wageni. Kilisema mara mbili. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umefurahi mno, na sikuwa na moyo wa kukufungua kitambaa na kukuambia hayo kwa pamoja.

Visu vyetu vinaitika mara mbili tangu mkono wako ulipoanza kuuma. Jioni ukishaondoka, Mzee Msasa hukaa kwenye meza yako akavipitia upya, ndipo tunavipeleka dukani. Usimgombeze. Amefanya hivyo kwa heshima, na macho yake nayo yanachoka. Kisu kimefika mfupani, Mama, ndiyo maana nilianza kutazama ng'ambo. Kwako nilizungumzia gharama tu, kwa sababu gharama haina uchungu.

Lakini sikio lako halikukosea. Hilo nataka ulishike vizuri. Ulisema kimetoka mkononi mwako, na kweli kilitoka huko, ila kilipitia mkono mwingine. Nilimsimulia Kitinda ulivyokifunga tena na tena. Akageukia dirishani, akaendelea kuifuta mikono ambayo ilikuwa imekauka zamani.

Sijasaini kitu. Maoni yangu ni haya: mabapa tuyanunue huku yakiwa yamekatwa na kukazwa, maana kwa hilo hatuwawezi na hakuna aibu. Kuyakalisha kuwe kwetu, kwenye meza iliyoinama, na mpini tuushike sisi. Tunachokosa ni mkono. Nilimwomba Kitinda arudi nami, akakataa. Hakukataa kurudi, alikataa kuombwa na mimi. Anasema aliondoka kwa kinywa chako. Ukimwita wewe, kwa jina lake, ataitika mara moja.

Nisalimie wote karakanani, na jirani anayetung'arishia mipini, mwambie viatu vyake nimevipata, ila rangi siyo aliyoitaka. Pumzisha mkono. Kunywa dawa hata kama ni chungu. Nitakuwa hapa mpaka nipate neno lako, na nakuomba radhi kwa kila mstari uliokuumiza.

Ni mimi binti yako wa kati, mwenye koti lako.

Mama, kile kitu kigumu kilichokufanya uhangaike kuifungua bahasha ni kipande cha boksi. Kitinda mwenyewe alikitoa chini ya jiliwa lake jana, akaniambia nikupe, na nikuambie kwamba katika miaka yake yote ya huku, boksi alilobeba ni hilo moja tu. Hataki kuweka jingine. Tangu jana jiliwa lake limenyooka kama majiliwa ya wenzake, visu vyake vinasema mara mbili, na mwenye kiwanda amevaa miwani yote miwili anamtazama haelewi. Kwa hiyo usichelewe kupiga simu.