Safari ya Kumchukua Kabedi

Jumatatu, 7 Julai
Nimefunga begi mara ya tatu. Ndani kuna gauni mbili za Kabedi na viatu vya shule. Mjukuu wangu, miaka sita, amebeba jina langu. Tangu tumzike mama yake, binti yangu Rosa, mwaka jana, nyumba hii ya mtaa wa Annexe ina kikombe kimoja mezani. Nimechoka kujisemesha. Naenda Pweto, kwa baba yake, kumleta.

Jumatano, 9 Julai
Nimefika. Mgongo haufai tena. Nalala gesti ya ufukweni, si kwa Donati, baba yake Kabedi. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe, wala hali naye chakula, hata macho hayakutani. Dada yake Donati ndiye anayebeba maneno. Nimemwambia nataka mtoto. Kasema atafikisha.

Ijumaa, 11 Julai
Jibu hakuna. Basi natalii, kwa kukosa la kufanya. Nimeona pale mto Luvua unapotoka ziwani. Kila mgeni anapelekwa kuona. Maji, kweli, ni mazuri. Nimekula samaki wa kuchoma kwenye meza ya watu sita, peke yangu. Mpiga picha wa ufukweni kaniuliza napiga na nani. Nimemchukia bure.

Jumamosi, 12 Julai
Nimemwona Donati sokoni, kwenye samaki wakavu. Aliponiona akajificha nyuma ya magunia, mwanaume mzima na kitambi chake. Heshima, najua. Lakini leo imeniuma. Nilitaka anitazame usoni nimkasirikie vizuri.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa dada yake kaniita ufukweni. Viti viwili vya plastiki vimepeana mgongo. Donati kwenye kimoja, anatazama ziwa. Mimi kwenye kingine, natazama mji. Kabedi pembeni yetu anachimba mchanga. Kisha Donati akaliambia ziwa:
— Mama, mukimubeba, miye nabakia na nani?
Mimi mwenyewe nilikuja na swali hilo hilo.

Jumatano, 16 Julai
Nyumbani. Gauni na viatu nimeviacha kule, na Kabedi mwenyewe. Nililia njia nzima mpaka dereva akazima redio.

Donati ametuma neno kupitia dada yake. Sikukuu ya Noeli yeye mwenyewe atamleta Kabedi, hadi mlangoni, ila atahitaji mahali pengine pa kulala.

Noeli bado mbali. Nimeshamwomba jirani kitanda.