Mbwa Wetu, Mtasemamchoke

Gulwe

Mpendwa mjukuu wangu Yona,

Marahaba. Shikamoo yako ilinichekesha, maana nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Lakini babu yako ni kaka yangu, basi mimi ni bibi. Hajambo, anapura uwele.

Unasema unaona aibu kumpeleka paka wako kuchanjwa kichaa cha mbwa. Nakuelewa. Nilipokuwa darasa la tano, mama alinituma na mbwa wetu. Bwana mifugo akauliza, ili aandike kadi, "Anaitwa nani?"

Mama alimpa jina la Mtasemamchoke alipogombana na jirani yetu, Mama Agnes, na Mama Agnes alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nikavuta kamba nirudi nyumbani bila chanjo.

"We binti, simama!" akasema Mama Agnes. "Bwana mifugo, andika Mtasemamchoke. Na huyu wangu andika Hatuchoki."

Foleni nzima ikacheka. Akanishikia mbwa wetu mpaka akachomwa sindano.

Mtie paka wako kwenye kikapu chenye mfuniko, uende. Mimi bado naona aibu, ila kila mwaka Mama Agnes hunipitia, tunawapeleka wote wawili.

Bibi yako,
Eliza