Siko Kwenye Ndege ya Ijumaa

Juba, Alhamisi jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukiisoma barua hii utakuwa umesimama uwanja wa ndege ukinitafuta, na aliyekukabidhi ni Massawe, mwanafunzi mwenzangu. Usimfokee. Mpe kwanza maji ya kunywa, amechoka, na kosa si lake. Kifua chako kinaendeleaje? Na mguu wa Mama? Mimi ni mzima, ila nimekonda, na joto la huku limenikausha kama dagaa.

Kaka Elinihaki alinisomea ujumbe wako kwa simu, neno kwa neno: "Ijumaa uwe ndani ya ndege. Usipokuwemo, usiniite tena Baba." Nimeusikia. Chuo nacho kimetuita sote tuliojitolea huku turudi kwa sababu ya risasi. Wenzangu wanarudi, siwalaumu. Mimi sirudi. Wewe umekuwa karani wa mahakama miaka yote, hukukubali hata mwizi wa mbuzi ahukumiwe bila kujitetea. Basi nisikilize na mimi.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa. Kadi za kliniki tulikuja nazo kutoka nyumbani, na unazijua: jina, umri, makazi, kabila. Akaja mama mmoja, Mary, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, presha iko juu, kichwa kinamuuma. Nikamwandika vizuri mpaka nikafika kwenye kabila. Nikamuuliza huku nacheka, kama ninavyomuuliza mtu yeyote stendi ya Same ili nijue kama ni mtani wangu. Alichukua mkoba wake akatoka, na wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakamfuata.

Sista Josefina, mkunga wetu, alikuwa anachemsha vyombo. Alikulia ukimbizini Uganda na Kiswahili chake ni cha huko. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Weye nauliza mutu kabila? Hapa Juba? Na hii vita?" akasema. "Watu nauliza hiyo neno kwa mulango, halafu naua. Huyo mama iko na presha, nakufa kwa nyumba. Kesho weye naenda kumurudisha."

Nililia, Baba. Nilikuwa nimemfukuza mgonjwa kwa mdomo wangu mwenyewe, mdomo huu mnaousema nyumbani kwamba hauna breki.

Asubuhi tulipanda bodaboda, Josefina na mimi, hadi Lemon Gaba, mtaa alioutaja kwenye kadi. Tuliulizia ua baada ya ua. Tulimkuta Mary amelala kwenye mkeka ndani ya tukul, nyumba ya udongo na nyasi, macho yake yanaona ukungu. Alituambia twende zetu.

"Nani natuma wewe?" aliniuliza kwa Kiswahili kama cha Josefina. "Hiyo karatasi napeleka kwa nani?"

Nikapiga magoti. Nikamweleza kwamba kwetu kabila ni la kutaniana, kwamba mimi Mpare na Massawe Mchaga tunashambuliana kwa maneno kutwa nzima, na kwamba hata msibani watani huja wakachekesha wafiwa.

"Kwa musiba? Munacheka?"

"Tunacheka."

"Sisi hapa, kabila ndiyo naleta musiba."

Nikampa kadi yake na kalamu, akaukata ule mstari mwenyewe, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

"Zote," akasema. "Si yangu tu."

Nikakubali, naye akakubali kuinuka. Siku hiyo Massawe alishinda na rula akiukata mstari huo kwenye kila kadi tuliyokuwa nayo.

Alijifungua Jumanne iliyopita. Kifafa cha mimba kilimshika palepale kitandani; angekuwa bado kwenye ule mkeka, tungekuwa tumemzika. Josefina alimchoma sindano, mimi nikamshikilia asianguke. Mtoto ni wa kike, mdogo mno. Mashine ya joto ipo, lakini jenereta haina dizeli, kwa hiyo tunamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kitenge nilichonunua soko la Konyo Konyo. Mary mwenyewe bado hana nguvu hata ya kukaa. Mumewe hajulikani alipo, na ndugu zake wanaogopa kuvuka mji. Vifua vilivyopo ni viwili, cha Josefina na changu, na Josefina akiitwa kuzalisha ninabaki mimi. Hata sasa ninavyokuandikia mtoto yuko hapa chini ya kidevu changu, na mwandiko umepinda kwa sababu yake.

Wale wawili wa kwenye benchi nao wamerudi, wameleta na wengine. Wakifika mlangoni wanauliza kwanza kama kadi ni zile zilizokatwa.

Najua utasema mimi ni mwanafunzi, si daktari. Kweli. Utasema vita hivi si vyangu. Kweli tena. Lakini huyu mtoto hajaniomba cheti, anataka joto, nami ninalo. Usidhani nimekuwa jasiri. Risasi zikilia naingia chini ya meza naye kifuani, nasali Kipare na Kiswahili kwa pamoja. Ila siondoki mpaka mama yake aweze kumbeba. Watu hutucheka kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Waache wacheke, mimi kesi yangu siiachi.

Elinihaki usimkasirikie, yeye alisoma tu. Nisalimie Mama, mwambie nasikia anavyoniombea. Nisalimie Shangazi Nanzia aliyenishonea koti la kliniki; nalivaa kila siku ingawa madoa yake hayatoki tena. Na Bibi mzaa mama mwambieni nakula, hata kama si kweli sana.

Kuhusu lile neno lako, Baba: hilo jina la Baba hukunipa wewe hata uje kuninyang'anya. Nilizaliwa nikalikuta, nimelizoea, na silirudishi.

Ni mimi binti yako, upende usipende,

Naelijwa