Kufua Nguo Safi

Jumatatu, 8 Septemba

Vioo tena. Madirisha makubwa, yale ya kubebwa na watu wawili, na mwenzangu hakuja. Mama Bijou, Mkongo anayeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, alishuka mwenyewe akashika upande wa pili. Ana mikono yenye nguvu kuliko yangu.

Ghala lina feni mbili. Zote zinapuliza joto lilelile.

Saa ya chakula supavaiza alituita. Kampuni inafungua ghala Houston na inataka watu sita kutoka hapa Garland, Texas. Mshahara uleule. Kuripoti tarehe sita mwezi ujao. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nimejishangaa.

Naandika nimekaa juu ya mbao. Daftari hili linalala kazini, kwenye kabati langu, chini ya buti. Nyumbani kwa Kaka Elia haliwezi kukaa. Watoto wake hawajui kusoma Kiswahili, lakini mke wake anajua.

Jumatano, 10 Septemba

Jana nilimwambia Elia. Ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni kaka yangu. Alinipokea nikiwa na begi moja, na mwaka wa pili huu nalala sebuleni kwake. Alifurahi kuliko mimi. Hatujamaliza ugali, ameshampigia Lazaro, mtu wa kwetu anayekaa Gulfton, huko Houston, na vijana wengine watatu wa nyumbani. Kitanda kipo. Bei ndogo.

"Dogo, hujafika mjini na nyumba unayo!"

"Bado mke tu," akasema Shemeji Neema.

Wakacheka. Nikacheka nao. Hiyo kazi naijua vizuri kuliko ya vioo.

Baadaye mimi na Elia tulitembea hadi dukani. Alimwigiza supavaiza wangu, nikacheka mpaka machozi, nikamshika mkono, kama tulivyotembea utotoni, kama wanaume wote wa kwetu wanavyotembea. Hatua tano hivi. Akauchomoa.

"Huku wanaume hawashikani mikono, dogo. Watatuona sisi ni wale."

Nilitembea nyuma yake njia yote. Kwetu nimeshika mikono ya vijana wa mtaa mzima na hakuna aliyeniona. Huku nimeshika mkono wa kaka yangu, ndio naonekana.

Mimi ni wale. Niandike mara moja nimalize. Napenda wanaume. Nina miaka ishirini na sita na sijamwambia mtu yeyote.

Alhamisi, 11 Septemba

Mgongo. Basi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Bijou aliniuliza nitakaa wapi. Nikamjibu, Gulfton, kwa watu wa kwetu.

"Gulfton ni muzuri, nilikaaka kule miaka mbili," akasema. "Lakini usikubali kitanda mbele ya kuona. Enda uone. Na Houston ni kubwa, weye. Iko na mitaa ya kila mutu."

Aliposema kila mutu alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Halafu akapanda foklifti yake.

Nimefikiria. Mtu anaujuaje mtaa kwa siku moja? Mama akirudi safari, habari za kijiji cha watu alizianzia kisimani. Nani anasukumwa. Nani anachotewa. Huku hakuna kisima, lakini kuna londri, zile nyumba za mashine za kufulia. Unakaa saa nzima na nusu, hakuna anayekuuliza una shida gani. Unaona kila kitu.

Kesho nakwenda na mfuko wa nguo.

Jumatatu, 15 Septemba

Basi la alfajiri, saa nne za barabara iliyonyooka. Halafu Houston. Barabara zimepandana, moja juu ya nyingine, tano nilizohesabu, na magari yanapita juu ya mawingu ya vumbi kana kwamba hakuna ajabu. Nilikaa na mdomo wazi. Nani alimwaga zege lile? Watu kama mimi. Walipanda na chakula chao kwenye kopo, wakashuka jioni, na kile kitu kikabaki juu.

Gulfton nimeipenda. Hilo lazima niliseme. Apatimenti zimebanana, nguo zimeanikwa kwenye reli za ngazi, mama mmoja anauza chakula cha moto nyuma ya gari lake. Londri ilikuwa na lugha sita au saba. Bibi mmoja aliyejifunika ushungi alinimiminia sabuni yake bila kuniuliza, maana nilisahau yangu.

Dakika kumi hazijaisha, nikaitwa kwa nyuma:

"Wewe ni mdogo wake Elia! Macho yaleyale!"

Ndiye Lazaro. Hajawahi kuniona. Alibeba mfuko wangu ukiwa bado umelowa, akanipeleka kwake, nikalishwa pilau. Watu wazuri. Mmoja alinifunulia kitanda changu, karibu na dirisha. Wamenitengea dirisha.

Halafu wakasimulia habari za aliyekuwa akilala hapo. Walikuta picha kwenye simu yake, yeye na mwanaume. Wakamwekea begi nje, kwenye ngazi, na mvua inanyesha. Lazaro aliigiza jinsi yule kijana alivyobisha hodi. Sauti nyembamba. Wote wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyomcheka mtu aliyeanguka na ndoo.

Nilimaliza pilau. Nilisema asante. Nilikitazama kile kitanda na sikuweza kukikalia.

Jumatano, 17 Septemba

Nilijifungia chooni na simu. Niliandika kwa Kiingereza changu, mtaa wa Houston kwa mwanaume anayependa wanaume, bei nafuu. Nikafuta, nikaandika tena. Jina likatoka palepale. Montrose. Kana kwamba nimeuliza posta iko wapi.

Lakini pia wanasema kodi imepanda, watu kama mimi wanahamia mbali. Nitakwenda tu. Kuona hakulipiwi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nitaandika polepole.

Nilifua Ijumaa kwa Elia, kwa hiyo nguo zilikuwa safi. Nikazibeba hivyohivyo Jumamosi mpaka Montrose. Mtaa una miti mikubwa sana, mizizi imeinua njia ya miguu mpaka inapinda kama ulimi. Nyumba ndogo za mbao, za zamani, na katikati yake majengo mapya ya matajiri. Bendera ya rangi za upinde wa mvua, ile ya watu kama mimi, kwenye baraza moja. Nyingine. Nyingine kwenye kanisa. Kanisa! Nilisimama barabarani nikausoma ubao wake wote, saa za ibada, namba ya mlango, kila kitu.

Londri ipo kwenye kona. Niliweka nguo, nikakaa.

Mbele yangu wazee wawili, Mzungu mrefu na Mmeksiko mfupi, miaka sabini na kitu. Walikuwa wanakunja shuka. Kila mmoja ameshika ncha mbili. Wakalivuta, wakalikung'uta, wakasogeleana mpaka vidole vikakutana, yule mfupi akachukua ncha zote, yule mrefu akainama kuokota upande wa chini. Bila neno. Kama watu waliofanya hivyo mara elfu. Shuka la tatu, yule mrefu alikosea, mwenzake akamgonga kichwani na soksi. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono.

Nililia. Niligeukia mashine ili nisionekane.

Sijawahi kumwona mzee wa aina yangu. Nilijua tunafichwa, tunafukuzwa, tunakufa. Sikujua kwamba tunazeeka. Sikujua kwamba tunagombana juu ya shuka.

Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi: chumba juu ya gereji, ngazi kali, jiko la umeme la sahani moja, kodi ndogo kwa mtu mwenye mgongo mzima atakayesaidia kubeba vitu. Nilipiga. Nikaenda. Mlango ukafunguliwa na yule mrefu.

Anaitwa Glen. Mwenzake ni Arturo. Chumba ni kidogo, cheupe, dirisha linaangalia mti. Bei naiweza. Nilisimama katikati nikaogopa kugusa ukuta.

Glen akasema kwa upole: "Hii ni nyumba yangu na ya mume wangu. Tuko pamoja miaka arobaini. Kama hilo litakusumbua, tuambie sasa."

Mwenye nyumba ananiuliza mimi kama atanisumbua!

Na mimi nikasema nini? Nikasema, hapana, hamna shida, mimi nina mchumba Tanzania.

Ilitoka yenyewe. Miaka yote nimeisema, kwa mama, kwa mchungaji, kwa Neema, kwa kila mtu aliyeuliza. Ulimi haukunisubiri. Glen akatabasamu, akasema hongera, watanipa jibu katikati ya wiki. Nilimwona amerudi nyuma hatua moja, kwa heshima, kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Jumanne, 23 Septemba

Mpumbavu. Nimevunja kioo leo, cha kwanza tangu nianze kazi. Supavaiza alipiga kelele, sikumsikia.

Watu wawili tu duniani sikuhitaji kuwadanganya, nikawadanganya hao.

Naweza kukipata chumba na huo uongo. Nitakuwa mpangaji mwema mwenye mchumba. Nitajificha hata pale.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepiga saa ya chakula, nimesimama nyuma ya makontena. Alipokea Arturo. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja, jasho likayafuta.

Nikasema: "Sina mchumba. Nilisema uongo. Mimi ni kama ninyi."

Mara ya kwanza kulisema kwa lugha yoyote. Kiingereza changu kibovu kilinisaidia, sina maneno mengi ya kujifichia humo. Kwa Kiswahili ningezunguka mpaka giza.

Arturo aliweka simu kando. Nikasikia anaita: "Glen! Ulishinda!"

Kisha akaniambia kwamba Glen aliniona londri siku ile. Alirudi nyumbani akasema, kuna kijana amefua nguo safi, huyo anatafuta kitu kingine. Walikuwa wamewekeana dau kama nitapiga tena kusema ukweli au sitapiga.

"Chumba bado unakitaka?"

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo mara tatu. Mama Bijou alinikuta nimekaa chini, akadhani joto limeniangusha, akanimwagia maji kichwani.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia Elia kwamba siendi kwa Lazaro. Nimepata chumba changu.

"Peke yako?" akauliza Neema. "Mtu anakaa peke yake anaumwa nini?"

Elia hakuuliza. Alisema tu Lazaro ataona tumemdharau, wametenga kitanda, watu watasema. Kisha akauliza mtaa. Nikautaja. Amekaa Texas miaka kumi na miwili, sifa ya Montrose anaijua. Aliweka kijiko chini.

Hakunisemesha tena mpaka kulala.

Jumatano, 1 Oktoba

Bado hanisemeshi. Tunapishana mlangoni. Ananiachia chai kwenye chupa kama kawaida, lakini anaiacha na kuondoka.

Nimekata tiketi ya basi ya Jumamosi. Ninaogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa lolote. Huyu ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili kwenye baridi. Lakini sitayarudisha maneno niliyosema kwenye ile simu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Siku ya mwisho Garland. Mama Bijou kanipa sufuria lenye mfuniko na pilipili ya kwao. "Ukikosa batu ya kula nayo, uniite," kasema. Batu, kwao, ni watu. Nimetoa daftari kabatini. Mahali pake pamebaki alama ya mraba kwenye vumbi.

Jumapili, 5 Oktoba

Jana asubuhi nilitoka na mfuko, nikakuta gari limewashwa. Elia yuko ndani. Akanifungulia mlango. Nikapanda. Tiketi imepotea bure.

Tulipita maili mia moja. Ng'ombe, vituo vya mafuta, mabango. Nikaanza: "Kaka, kuna jambo nataka..."

"Usiniambie," akasema. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Mama yako ataniuliza. Nikijua, nitalazimika kumdanganya. Nikiwa sijui, nitamwambia umepata chumba karibu na kazi."

Baadaye kidogo akasema: "Sijui. Umesikia? Mimi sijui chochote."

Tulipofika, Glen na Arturo walikuwa barazani. Elia aliwasalimia kwa heshima ya kwetu, akiinama kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Alipanda ngazi. Alijaribu bomba. Alijaribu kitasa mara mbili. Alisukuma dirisha aone kama linafunga. Kisha akasema ana njaa.

Mkahawa ulikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, njia sita, magari hayapungui. Tulisimama pembeni tukisubiri. Palikuwa na watu. Vijana wawili waliokumbatiana, mama na mbwa. Taa ilipobadilika Elia alinishika mkono. Nilidhani ataniachia katikati ya barabara. Hakuniachia. Tulifika ng'ambo, tukapita mlango wa kwanza, wa pili, na mkono wake ukiwa palepale, mgumu, wenye jasho. Hakuna aliyetutazama. Nilihesabu hatua mpaka nikasahau kuhesabu.

Tulikula. Alilipa. Akarudi Garland.

Jumapili, 12 Oktoba

Wiki ya kwanza ghalani imekwisha. Vioo vilevile.

Nimewatolea wazee pipa la taka. Arturo amenipa malimau ya mti wao. Elia amepiga simu, ameuliza kama kitasa kinafunga. Kinafunga.

Mchana nimekwenda londri. Nguo zilikuwa chafu kweli, zina jasho na vumbi la vioo, maji yamekuwa ya kahawia. Nimekaa, nimezitazama zikizunguka.

Daftari liko mezani. Nimeliacha wazi, nimefungua dirisha.