Programu Imekataa Kuamka na Flashi Iko kwa Rim

Mpendwa Mama Munira, naomba unisaidie kwanza, unicheke baadaye, mimi ni mtunza kompyuta wa chuo kimoja hapa Trablus, na kuna mwanafunzi wa udaktari wa falsafa anaitwa Rim ambaye programu yake ilikuwa ikikokotoa kwa siku kumi na tisa mfululizo jinsi maji ya bahari yanavyoingia visima vya mkoa wa Akkar, zimebaki siku mbili tu amalize, basi mwenye jenereta linalotupa umeme chuoni akatangaza kwamba analizima kwa matengenezo, nikamwambia Rim asihangaike, Linux ina ufundi wa kuigandisha programu katikati ya kazi, yote iliyonayo kichwani yanaandikwa kwenye diski, umeme ukirudi unaiamsha inaendelea pale pale ilipoachia, akaniuliza, "Wadih, kaka yangu, una hakika?" nikamjibu, "Italala kama mtoto aliyeshiba," na wallahi ililala vizuri, Rim akachukua nakala ya mafaili kwenye flashi amwonyeshe profesa wake, akaniletea na mkate wa ufuta kunishukuru, nikaula, ndipo, kabla jenereta halijazimwa, nikaona faili ambamo programu huandika mwenendo wa kazi limejaa mistari ya maonyo isiyo na maana, na mimi ni mtu msafi, nikalifyeka, umeme uliporudi programu ikakataa katakata kuamka, inasema faili halina ukubwa liliokuwa nao ilipolala, na faili zima liko kwenye flashi ya Rim, lakini nikimwomba ataniuliza la nini, na chuo kizima kinajua mimi ndiye ninayefokea watu wasiguse mafaili ya programu iliyolala, hata karatasi ya onyo ukutani niliibandika mimi, sasa nafikiri nimwambie jenereta ndilo lililoiua, tuanze upya, ingawa tasnifu inatakiwa baada ya siku kumi, je, nitakuwa nimekosea sana? Rim husoma safu hii kila Ijumaa, tafadhali usitaje majina.

Wadih, Trablus

JIBU

Wee Wadih, mtu msafi! Nimeisoma barua yako, nikanywa kahawa, nikairudia nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Dawa unaijua, ilipo unapajua, na mwenye nayo amekulisha mkate. Hukuniandikia kutaka ushauri, umetaka jamvi la kufunikia uchafu wako.

Pole, maana kukosea kunauma, na kunamuuma zaidi aliyebandika karatasi ukutani. Pole yangu imeishia hapo.

Hiyo programu ina adabu kuliko wewe. Imeamshwa, ikaona kitu kimebadilika, ikakataa kujifanya hakijabadilika. Wewe mwenye ulimi na digrii unataka kulisingizia jenereta! Jenereta lilitangaza mapema, bwana. Wewe umetangaza nini?

Halafu hesabu zako. Kazi ya siku ishirini na moja, muda siku kumi, na unasema "tuanze upya" bila hata aibu. Hapo huanzi upya, unamnyima mwenzako udaktari wake kwa sababu mistari fulani ilikukera macho. Aibu ya jioni moja imekushinda, unataka yeye abebe ya mwaka mzima.

Nenda kwake leo, kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Sema hivi: "Rim, nililigusa faili. Nipe flashi yako." Nyamaza. Atapiga kelele, mwache apige, usimweleze kuhusu usafi wako. Ukiipata, usikurupuke. Nakili kwanza pembeni kila kilichohifadhiwa programu ilipolala, maana mikono yako siiamini. Kisha lirudishe faili mahali pake kwa jina lake lile lile, na uiamshe Rim akiwa amesimama nyuma yako, aone kwa macho yake. Na kwenye ile karatasi ya ukutani, andika jina lako chini kabisa, kwamba wewe ndiye wa kwanza kuivunja.

Umeniomba nisitaje majina. Nimeyaacha yote mawili pale pale yalipo. Jibu hili nakutumia leo Jumatatu, na gazeti linatoka Ijumaa. Una siku nne za kufika kwa Rim kabla yangu.