Nyambizi za Maharage

Louisville, 8 Machi 2025

Yaya Chimène, dada yangu mpendwa,

Leo nitakuambia yote, hata lile linalonitia aibu.

Hapa Beechmont tu wazima. Baba amepata zamu ya mchana kwenye ghala la Okolona. Ile ramani tuliyochora kabla mama mkubwa hajawahamishia ninyi Buffalo bado naitandaza mezani: maharage ni nyambizi, mahindi ni meli za mizigo. Kwa shindano la historia la Columbus, lile la michezo ya vita ya mezani, tumepewa dunia ya kubuni ambamo Ujerumani ilishinda Vita vya Pili, nasi tunaongoza manowari zake. Nyambizi zote nilizipanga Atlantiki ya kaskazini, kama tulivyopatana.

Jumapili ukanipigia, na yule rafiki yako mpya Jemutai wa Columbus naye akiwa kwenye simu. "Aliyeshinda hawindi tena meli," akasema. "Analinda bandari zake za mafuta." Ukapiga kelele, "Gloire, umesikia kichwa hicho?"

Nilisikia. Nikakataa chakula, mama akashangaa: "Donc, yaani unakatala kula juu ya mashua ya Wajerumani?"

Baadaye niliyahamisha maharage yote bandarini. Jemutai amesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kama angekuwa mjinga ningelala vizuri.

Lakini vita hii tuliianza mimi na wewe, yaya, na kwenye shindano kila kundi ni la watu wawili tu. Nijibu upesi: umeandikisha jina la nani pamoja na lako, langu au lake?

Mdogo wako,
Gloire