Kabati Nililolipanga kwa Alfabeti

Shoga, tulikuwa wanne ofisini: mkuu wa shule, mwalimu wa fizikia, mke wa Mzee Chupa na mimi.

Mzee Chupa, mtunza maabara wetu, yuko hospitali. Macho yamefungwa bandeji. Yote mawili, shoga!

Kabati la kemikali nililipanga mimi, kwa alfabeti. Asetoni ikakaa ubavuni mwa asidi ya nitriki. Mzee alinionya: "Mwalimu, zipange kwa hatari zake. Moto haujui alfabeti." Nikacheka! Nikamwambia asiniharibie mpangilio.

Jana asidi ilivujia asetoni. Mzee alipofungua kabati, zikamlipukia usoni.

Nilitarajia mkewe anitukane. Akasema tu, "Mwalimu, kabla ya kuingizwa kwenye upasuaji, aliuliza kama wewe umeumia."

Aliuliza kama MIMI nimeumia.

Mkuu akakohoa: "Kwenye ripoti tuandike uzembe wa mtunza maabara. Tufunike kombe, mwanaharamu apite."

Machozi yakanitoka mbele yao. Nikasimama, nikawaambia: "Ripoti naiandika mimi. Nitaandika kwamba Mzee alinionya, nami nikacheka. Kisha nitaweka sahihi yangu."